Hakuna Lori Huku Mirihi

Nohea alikuwa amepiga magoti ndani ya mtaro, akifukua bomba kwa mikono, kwa sababu lilikuwa karibu sana na koleo lingeweza kulitoboa. Glavu za suti zilikuwa nene kiasi kwamba hakujua kama ameshika jiwe au bomba mpaka aangalie. Changarawe nyeusi ya volkano ilimwagika tena ndani kila alipoichota. Kwa siku tatu alikuwa amefukua mita ishirini na mbili. Zilibaki nane kufika kwenye tangi.

"Kuna unyevu?" Dale aliuliza redioni, kutoka ndani ya kuba.

"Pakavu."

"Umeangalia chini ya bomba, au juu tu?"

"Chini, juu, ubavuni. Pakavu, Dale. Ningeona maji ungenisikia nikiimba."

Sunniva, aliyesimama ukingoni na sururu mkononi, alicheka, kisha akakumbuka kwamba Dale anasikia, akanyamaza. Yeye alikuwa mtu wa mimea, Mnorwe, na alikuwa pale kwa sababu sheria haikuruhusu mtu kutoka peke yake. Aliinama akaangalia kifundo cha mkono wa Nohea.

"Kaza hicho kibano cha glavu," alisema. "Usije ukafa kama Bastien."

Bastien alikufa mwezi wa pili. Alitoka nje bila kufunga kibano kimoja, na kwa sheria za mahali pale mtu ambaye suti yake imefunguka huhesabiwa kuwa amekufa. Alijaziwa fomu, akalala kitandani saa ishirini na nne bila kusema wala kupiga kura, na taarifa ya wiki ikachelewa siku nzima kwa sababu haiendi bila sahihi nne, na maiti hatii sahihi. Wakati ule walicheka sana. Bastien alikula biskuti zake zote akiwa marehemu.

Hiyo ilikuwa siku ya mia moja arobaini na tatu. Walikuwa wanne kwenye mteremko wa Mauna Loa, mlima wa volkano, wamekubali kuishi miezi minane kana kwamba wako Mirihi. Ofisi iliyowasimamia ilikuwa Honolulu, nao waliiita Dunia. Ujumbe kwenda Dunia uliwekewa dakika ishirini njiani, na jibu dakika ishirini nyingine, ingawa mtambo ungeweza kuufikisha kabla mtu hajafumba jicho.

Betri za suti zilipolia walirudi. Waliingia kwenye chumba cha hewa, kilichojengwa kwa mbao na karatasi ya plastiki, wakasimama dakika tano wakisubiri hewa ijae. Hapakuwa na hewa yoyote iliyokuwa ikijaa. Nohea alisimama hivyo hivyo, mkojo umembana, akihesabu.

* * *

Walikula wali na maharage ya kukaushwa. Bastien alikuwa amepika, akaweka na unga wa nyanya ili chakula kifanane na chakula. Dale alisubiri mpaka sahani zimekwanguliwa, ndipo akafungua daftari la maji.

Dale Hutchins alikuwa kamanda wao, mtu wa Colorado, mwenye miaka hamsini na mbili. Alikuwa mpole. Siku ya kuzaliwa ya kila mmoja alitoa sehemu yake ya pudini bila kuombwa. Lakini alikuwa ameona kikosi kingine, miaka sita nyuma, kikisambaratika kwa sababu ya udanganyifu mdogo mdogo, na aliapa kwamba chini yake haitatokea.

"Daftari linasema wiki hii tumetumia lita elfu moja na mia sita," alisema. "Kipimo kinasema zimetoka elfu mbili, na tangi limekauka. Hii ni wiki ya nne. Lita mia nne kila wiki. Karibu sitini kwa siku."

"Hiyo ni mtu kuoga kila siku," Bastien alisema. Alikuwa Mbelgiji, mtaalamu wa kompyuta, na alikuwa na tabia ya kutamka kila hesabu inayomjia. "Kuoga vizuri. Na nywele."

Hakuna aliyemwangalia Nohea, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba anasemwa yeye. Nywele zake zilifika kiunoni. Aliziosha mara moja kwa wiki, kwa lita mbili ndani ya beseni, na kuandika.

"Sema jina, Bastien," alisema.

"Sijamtaja mtu."

"Umesema nywele. Wewe una upara, Dale kanyoa, Sunniva anazo za kuhesabu. Sema."

"Wewe ndiye mwenye ufunguo wa kabati la pampu," Dale alisema taratibu. "Silaumu mtu. Nasema ufunguo uko kwako."

"Uko kwangu kwa sababu mimi ndiye fundi bomba. Choo kikiziba saa tisa usiku hamumwamshi Bastien."

"Hakuna anayekataa kazi yako."

"Nimewaambia labda bomba linavuja. Ndiyo maana nachimba."

"Umechimba mita ishirini na mbili, na umesema pakavu."

Dale akanyoosha kiganja juu ya meza. Nohea alikiangalia kile kiganja kwa muda, kisha akatoa ufunguo shingoni akauweka. Dale aliufunga kwenye kamba yake mwenyewe. Halafu akainuka, kana kwamba amekumbuka jambo dogo, akaenda kwenye misumari ya mataulo karibu na mlango wa bafu. Alipita la Sunniva, akapita la Bastien, akasimama kwenye lile la njano. Akalipapasa kona moja, kisha ya pili, ya tatu, ya nne, polepole, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Ni bichi kidogo," alisema.

"Nimenawa uso niliporudi kutoka nje," Nohea alisema. "Nina changarawe mpaka puani."

"Sawa. Naandika tu."

Na aliandika. Sunniva alikuwa akiangalia sahani yake. Kulikuwa na punje tatu za wali, naye alizipanga kwa uma zikawa mstari, akazitenganisha, akazipanga tena.

* * *

Alhamisi ilikuwa siku ya dhoruba ya vumbi. Hivyo ndivyo ratiba ilivyosema, kila Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tano. Mapazia yote yalishushwa, redio za nje zikazimwa, na Bastien akaweka muziki kwa sauti kubwa ili kusiwe na kitu cha kusikia. Wakati huo lori la maji lilipanda kutoka mji wa Hilo, likajaza tangi, likaondoka. Hakuna aliyetakiwa kuliona wala kulitaja.

Nohea alikaa kwenye sakafu ya bafu akaegemeza sikio kwenye bomba. Muziki haufiki ndani ya bomba. Aliisikia pampu ya Mjomba Wendell ikikohoa mara mbili kabla ya kushika, kama ilivyokohoa miaka yote. Alikulia Puna, wilaya ya kisiwa kile kile, ambako nyumba hazina bomba la serikali na watu wanakunywa mvua iliyotoka juu ya paa. Mvua ikikawia, Wendell Medeiros ndiye aliyeleta maji, kwa lori lile lile la kijani. Alipomaliza alichora mstari wa chaki ya buluu ubavuni mwa tangi, mahali maji yalipofika, akaandika tarehe, ili kesho mtu asije kusema Wendell kampunja. Mtoto yeyote wa Puna alijua kuligonga tangi kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kwenda juu, mpaka sauti ibadilike.

Aliangalia saa. Pampu ilizimika baada ya dakika kumi na sita. Kisha injini ikanguruma, ikateremka, ikapotea. Alibaki pale sakafuni akisikiliza bomba ambalo sasa halikuwa na kitu.

Saa tano walipandisha mapazia. Kipimo cha ukutani kilisoma lita elfu mbili kamili.

"Lori limesimama mapema," Nohea alisema.

Dale aligeuka. "Lori gani?"

"La maji. Pampu imekwenda dakika kumi na sita. Tangi lile likiwa tupu linataka ishirini."

"Nohea. Hakuna lori huku Mirihi."

"Basi maji yanatoka wapi?"

"Tunayayeyusha kutoka kwenye barafu ya chini. Iko kwenye mwongozo, ukurasa wa kumi na mbili."

"Najua iko kwenye mwongozo. Nakuuliza wewe, Dale. Unayoyanywa yanatoka wapi?"

Dale alikunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeombwa kufanya jambo la aibu mbele za watu. "Mimi nikikubali lori leo," alisema, "kesho tutakubali simu. Kesho kutwa mtu ataomba piza. Nimeyaona hayo. Kipimo kinasema elfu mbili."

"Kipimo kinapita kwenye kompyuta ya Dunia kabla hakijafika ukutani. Muulize Bastien."

"Kweli kinapita," Bastien alisema. "Lakini kila kitu kinapita huko. Hata joto la friji."

"Basi waulize."

Waliuliza. Ujumbe ukaenda dakika zake ishirini. Walikaa. Sunniva alikwenda kunyunyizia mchicha wake kwa kijiko. Jibu likarudi, limetiwa sahihi na Daktari Whitcomb: *Kipimo kinafanya kazi ipasavyo. Tunawatia moyo mlitatue suala hili kama kikosi.*

Nohea alisoma mara mbili. Ni vigumu kugombana na mtu ambaye neno lake linachukua dakika arobaini. Ghadhabu inapanda, inakuta mlango umefungwa, inarudi kukaa na wewe mezani. Aliandika majibu matatu akayafuta yote.

Baada ya chakula cha mchana Dale aliitisha kura. Kwamba Nohea Kealamakia aondolewe kwenye usimamizi wa maji, na kwamba taarifa ya Ijumaa iseme *kuna dalili za matumizi ya siri ya maji kwa upande wake*. Dale akainua mkono. Bastien akainua, akiwa ameangalia pembeni. Sunniva alichelewa, mpaka wote watatu wakawa wanamsubiri.

"Sijui niseme nini," alisema. "Maji yamekwenda. Sijui." Akainua mkono nusu.

"Nusu ni ndiyo au hapana?" Nohea aliuliza.

"Ni ndiyo," Sunniva alisema.

Nohea alitikisa kichwa. Alikuwa akimfikiria Shangazi Iwalani, ambaye hakuja kumuaga siku alipopanda mlimani. Alimpigia simu tu. "Watakutumia kuzibua choo chao," alimwambia, "halafu watakuandika jina baya, na karatasi yao itakaa miaka mingi kuliko wewe." Nohea alimjibu kwamba watu wa siku hizi si wa namna hiyo. Alikuwa wa kwanza kutoka kisiwani kuchukuliwa ndani ya kuba lile. Baada ya hapo aliahidiwa kuwafundisha wengine.

"Naomba kesho nimalize mita nane," alisema.

"Za nini sasa?" Bastien aliuliza.

"Mkiandika kwamba mimi ni mwizi, andikeni pia kwamba bomba lilifukuliwa lote."

Dale alifikiri. Alipenda mambo yaliyokamilika. "Hilo ni la haki," alisema.

* * *

Ijumaa asubuhi walichimba bila kuzungumza. Udongo ulikuwa mkavu mpaka mwisho. Saa tano kasoro bomba liliinuka kutoka ardhini likaingia kwenye tangi, tangi la bati lililozidi urefu wa mtu kidogo, na mbele yake kulikuwa na mstari mwekundu uliopakwa juu ya mawe. Upande wa pili wa mstari, ambako barabara ilifika, hapakuwa Mirihi tena. Ramani yao ilipaonyesha peupe.

Nohea alipanda kutoka mtaroni akauvuka ule mstari.

"Nohea," Sunniva alisema. "Huko hakuna."

"Naona tangi. Tangi lina mgongo."

Aligonga bati kwa glavu. Sauti haikutoka, ulikuwa mguso tu, kama kugonga godoro. Akagonga tena kwa nguvu. Halafu akafungua kibano, akavua glavu ya kulia, akaiweka juu ya jiwe. Mkono wake mtupu ulionekana mdogo kwenye mkono mpana wa suti. Upepo ulikuwa wa baridi.

"Vaa," Sunniva alisema. "Vaa, tafadhali. Sijaona. Vaa sasa hivi na mimi sijaona."

Nohea aligonga kwa kifundo cha kidole. Chini kabisa: zito. Kwenye goti, kwenye kiuno, kwenye kifua: zito. Kwenye bega sauti ilifunguka, ikawa ya ngoma. Aligonga mara tatu mahali pale, juu kidogo, chini kidogo.

"Limejazwa jana," alisema. "Linatakiwa kuwa zito mpaka shingoni. Njoo."

"Siwezi."

"Njoo usikie. Jana uliinua mkono, leo lete huo mkono hapa."

Sunniva aliangalia nyuma kuelekea kwenye kuba. Kisha akavuka mstari, akavua glavu yake, akagonga mahali alipoonyeshwa. Hakuwahi kugonga tangi maishani mwake, lakini halikuwa jambo la kusomea. Aligonga chini, akagonga juu. Uso wake ukawa mwekundu ndani ya kioo cha kofia.

"Na hapa," Nohea alisema.

Ubavuni, upande wa barabara, kulikuwa na mistari ya chaki ya buluu, kila mmoja na tarehe yake, na herufi W. Iliyotangulia ilikaa pamoja shingoni, imekaribiana kama ngazi za panya, wiki baada ya wiki. Minne iliyofuata, na wa jana ukiwa wa tano, ilikuwa chini, begani, juu kidogo tu ya pale sauti ilipobadilika.

Walisimama wakiiangalia. Kila Alhamisi, wao wakiwa wameshusha mapazia na kupandisha muziki, mzee mmoja alikuwa akiwaandikia ukweli kwa herufi kubwa, mita thelathini kutoka mlangoni.

"Piga picha," Nohea alisema.

* * *

Dale alizitazama picha kwa muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo Nohea hakulitarajia.

"Huu mkono ni wa nani?"

Kwenye picha ya pili, pembeni, kulikuwa na vidole vinne vya kahawia juu ya bati.

"Wangu."

"Hauna glavu."

"Ningesikiaje na glavu?"

Dale aliweka kompyuta chini. Alionekana amechoka. "Unajua ninachotakiwa kufanya."

"Dale. Angalia mistari."

"Nimeiona. Nitaituma Dunia, nakuahidi. Lakini umevua glavu nje. Umekufa saa tano, mpaka kesho saa tano. Siwezi kuruka sheria kwa sababu mtu ana hoja. Watu wote huwa wana hoja."

"Na hoja yangu nani ataisema, kama nimekufa?"

"Picha zitasema."

Nohea alimwangalia Sunniva. Sunniva alikuwa akifunga na kufungua kibano cha glavu yake, iliyokuwa mezani. Basi Nohea akachukua ile fomu, akaijaza mwenyewe kwa herufi safi, *chanzo cha kifo: kusikiliza*, akaingia kitandani kwake akavuta pazia.

Picha zilikwenda dakika ishirini. Jibu lilikuja baada ya dakika ishirini na moja. Bastien alilisoma kwa sauti, na maiti akalisikia kupitia pazia.

*Wapendwa wakazi. Hongereni kwa ugunduzi wenu. Kuanzia wiki ya kumi na saba tulipunguza maji kwa moja ya tano, na kurekebisha kipimo ili upungufu usionekane. Lengo lilikuwa kuona jinsi kikosi kinavyogawa lawama pale ambapo hakuna mwenye kosa. Takwimu zenu ni nzuri kupita matarajio. Tafadhali msiibadilishe taarifa ya wiki hii. Tunaihitaji kama ilivyoandikwa. Daktari Whitcomb.*

Bastien alipumua, akaanza kucheka kwa ahueni. "Kwa hiyo tumefaulu? Mkuu, tumefaulu, au siyo? Wanasema kupita matarajio." Alikuja mpaka kwenye pazia. "Nohea. Umesikia? Ilikuwa jaribio tu. Hukuiba."

"Anajua kwamba hakuiba," Sunniva alisema.

Bastien akaacha kucheka.

"Taarifa utafanyaje?" Sunniva alimuuliza Dale.

"Wanasema tusiibadilishe."

"Nimewasikia wao. Nakuuliza wewe."

"Ni takwimu, Sunniva. Jina lake litakuwa namba tu kwenye utafiti wao."

"Kwenye karatasi yako limeandikwa jina. Na mimi nitatia sahihi chini yake, nikijua ni uongo?"

Dale alikwenda kwenye pazia akasimama. Alikohoa. "Nohea," alisema. "Nadhani tumekukosea. Niambie unataka nini kwenye taarifa. Sema neno moja tu, nilifute."

Nyuma ya pazia Nohea alikuwa amelala chali, macho wazi. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani, mengine ya Kihawai ambayo hakuyatumia tangu bibi yake alipofariki. Mtu huyu hakumuuliza alipoandika. Sasa anataka aombwe kufuta, ili kufuta nako kuwe wema aliomtendea. Alifunga mdomo, akaiacha sheria ya Dale imjibu Dale.

"Hasemi," Bastien alisema.

"Amekufa," Sunniva alisema. "Na mimi pia."

"Wewe nini?"

"Nimekufa. Nilivua glavu pale pale, mkono wa kulia. Andika, saa tano."

"Huwezi kufa sasa," Dale alisema. "Umekuwa ukizungumza saa nzima."

"Nilichelewa kugundua."

Alijaza fomu yake. Kabla ya kuingia kitandani alikuja kwenye pazia la Nohea, akapenyeza mkono chini yake, mkono wa kulia, ukiwa wazi. Ulikaa pale kitambo. Nohea aliuangalia, hakuushika. Hatimaye ukaondoka.

* * *

Mtu hajui kazi za nyumba ni ngapi mpaka nusu ya nyumba ife. Mchana ule Bastien aliosha vyombo, akanyunyizia mimea bila kujua ipi inataka kijiko kimoja na ipi viwili, akabeba ndoo za choo huku amegeuza uso. Dale alifungua kabati la pampu kwa ule ufunguo, akasimama mbele ya valvu saba zisizo na majina. Nohea hakuwahi kuzihitaji ziwe na majina. Akafunga tena.

"Mtaro," Bastien alisema ilipofika saa kumi. "Bomba limelala nje lote. Usiku wa leo baridi itazidi, litaganda, na likiganda litapasuka."

"Tutafukia mimi na wewe."

"Nani atakaa redioni?"

Dale aliangalia mapazia mawili yaliyofungwa. "Hakuna," alisema.

Walivaa. Walisimama dakika tano kwenye chumba cha mbao. Walipotoka Dale alibonyeza redio, kwa mazoea ya miaka mingi. "Kuba, tumetoka, watu wawili." Redio haikujibu.

Walianzia kwenye kuba, wakisukuma changarawe kwa koleo kurudi ilikotoka. Ilikuwa kazi ya kijinga na nzito, na koleo liliteleza kwenye glavu. Bastien alisimama kila baada ya mita mbili kushika mgongo.

"Alichimba hivi siku nne?" alisema. "Kwa mikono?"

Dale aliendelea kusukuma changarawe. Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya mlima betri zilianza kulia, na walikuwa wamefukia mita ishirini na sita. Dale aliweka koleo chini, akatembea mpaka kwenye tangi. Alifika kwenye mstari mwekundu akasimama. Kisha akauvuka.

Chaki ya buluu ilikuwa pale. Aliisoma tarehe moja moja. Alinyanyua mkono akagonga bati begani, pale mistari ilipokuwa. Hakusikia kitu. Akagonga chini, akagonga juu. Ilikuwa sawa kote, mguso tu. Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye kibano cha glavu ya kulia, ukakaa hapo.

"Mkuu," Bastien alisema kutoka upande wa pili wa mstari. "Ukivua hiyo mimi nitabaki peke yangu humo ndani."

Betri ilikuwa ikilia. Dale aliondoa mkono kwenye kibano. Alibonyeza redio.

"Nohea," alisema. "Niko kwenye tangi. Nimeligonga, sisikii kitu. Sijui kama unanisikia. Mita nne zimebaki, tutazimaliza kesho. Na taarifa itasubiri mpaka kesho." Redio ikakwaruza. "Kesho utanionyesha jinsi ya kugonga."

Ndani ya kuba sauti yake ilitoka wazi kwenye kipaza sauti juu ya meza. Sunniva aliisikia, akageukia ukuta. Nohea aliisikia. Kitufe cha kujibu kilikuwa hatua tatu kutoka kitandani kwake, na hakuinuka. Alikuwa amezifungua nywele zake, anazichana taratibu, changarawe nyeusi ikidondoka kwenye shuka, naye alikuwa anapanga siku yake ya kesho. Saa tano atafufuka. Watampa karatasi na kalamu, watamwambia mita nne, watamwambia tangi. Yote hayo yatasubiri. Kwanza atakwenda kwenye misumari iliyo karibu na mlango wa bafu, atachukua taulo la Dale, na atalipapasa mbele ya wote, kona moja, ya pili, ya tatu, ya nne.